Shajara ya mradi: kipanya, padi ya mguso na joistiki kwenye kipimo kimoja

Wiki ya 1. Swali na vifaa

Swali la mradi ni rahisi kulitamka. Kati ya kipanya, padi ya mguso ya kompyuta mpakato na joistiki ya kidole gumba, kipi kinamfikisha mtu kwenye kitufe cha skrini haraka na bila kukosea? Ugumu ni kwamba mkono hausogezi mshale moja kwa moja. Katikati kuna programu inayoamua sentimita moja ya mkono iwe pikseli ngapi. Ukikiacha kila kifaa na mipangilio kiliyokuja nayo, utakachopima ni mipangilio. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii ni kusawazisha, na watu wanakuja mwishoni kabisa.

Jambo la kukubaliana kabla ya kugusa waya: kipanya na padi hutawala mahali, joistiki hutawala kasi. Ukisogeza kipanya sentimita moja kisha ukatulia, mshale nao unatulia. Ukiisukuma joistiki sentimita moja na kuishikilia hapo, mshale unaendelea kwenda mpaka uiachie. Tofauti hiyo inaeleza karibu kila kitu kitakachoonekana kwenye matokeo, na hakuna mpangilio unaoweza kuifuta.

Vifaa vilivyo mezani:

- kompyuta mpakato 1 yenye Linux, skrini ya inchi 15.6, pikseli 1366 × 768 (takriban pikseli 100 kwa inchi), na padi yake yenye vitufe halisi chini
- kipanya 1 cha waya cha DPI 1000 (hatua 1000 kwa kila inchi ya mkono)
- moduli 1 ya joistiki aina ya KY-023
- bodi 1 ya Pro Micro ya volti 5 (bodi ndogo ya kupakia programu, chipu ATmega32U4)
- kitufe 1 cha kubonyeza cha milimita 12, swichi 1 ya kuzima na kuwasha
- kapasita 2 za nanofaradi 100
- rula ya chuma, mkanda wa karatasi, nyaya za jampa

Vifaa vya Bluetooth vimeachwa nje. MacKenzie na Ware walionyesha mwaka 1993 kwamba ucheleweshaji wa milisekunde 225 kati ya mkono na skrini unaongeza muda wa kufika kwa asilimia 64 na makosa kwa asilimia 214. Bluetooth nzuri haifiki huko hata kidogo, lakini ucheleweshaji wake hupanda na kushuka, na hatutaki kitu kinachobadilika chenyewe katikati ya jaribio.

Wiki ya 2. Joistiki

Hapa ndipo kazi ilipo. Kipanya na padi vinakuja vimekamilika. Joistiki inakuja ikiwa potenshiometa (vipingamizi vinavyobadilika) mbili za kilo-omu 10, springi, na kitufe chini ya fimbo. Tabia yake yote nyingine unaiandika wewe.

Arduino Uno ya kawaida haifai. Chipu yake, ATmega328P, haina USB yake yenyewe, hivyo haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta kama kipanya. Pro Micro na Leonardo zinaweza. Miunganisho: GND (hasi ya umeme) kwa GND, +5V kwa VCC, VRx (volti ya mlalo) kwa A0, VRy (volti ya wima) kwa A1. Kapasita moja ya nanofaradi 100 kati ya A0 na GND, nyingine kati ya A1 na GND, ili kutuliza mtetemo wa volti. Kitufe cha chini ya fimbo, SW, hakikuunganishwa kabisa: kidole kinapoibonyeza fimbo kwenda chini, kinaipinda pia, na mshale unatoka kwenye shabaha sekunde ileile ya kubofya. Badala yake kitufe cha milimita 12 kimeunganishwa kati ya pini 7 na GND, pini ikiwekwa `INPUT_PULLUP`, na programu inapuuza mabadiliko yoyote ndani ya milisekunde 10 baada ya badiliko la kwanza. Mkono mwingine ndio unaobofya.

Swichi ya kuzima imewekwa kati ya pini 4 na GND kabla ya kuandika mstari wowote wa kusogeza mshale. Usiiruke hatua hii. Programu yenye kosa itauteka mshale, na hutaweza hata kufika kwenye kitufe cha kupakia programu mpya. Ukishakwama, gusanisha RST na GND mara mbili kwa haraka. Bodi itasubiri programu mpya kwa sekunde 8, na upakiaji uanze ndani ya muda huo.

Baada ya hapo, kitovu. Kipimo cha A0 huenda 0 hadi 1023, na kwenye karatasi katikati ni 512. Fimbo halisi ikiachwa hutulia karibu na hapo tu, na hutulia mahali tofauti kidogo ikitokea kushoto na ikitokea kulia, kwa sababu springi na vikombe vya plastiki vina uchezaji. Programu inasoma mara 64 inapowashwa, inachukua wastani kuwa kitovu, kisha inaweka eneo tulivu la vizio 25 kuzunguka kitovu hicho. Usiishike fimbo wakati wa kuchomeka USB, la sivyo kitovu kitahamia kidoleni na mshale utatambaa peke yake ukishaiachia.

Makosa matatu yalijitokeza, na kila moja lingetosha kuifanya joistiki ionekane mbovu bila hatia.

La kwanza ni eneo tulivu la umbo la msalaba. Ukikagua X peke yake na Y peke yake, mshale unanata kwenye mlalo na wima: mtu anasukuma karibu na mlalo, Y inahesabiwa kuwa sifuri, na mshale unakataa kupanda kidogo. Dawa ni kukokotoa urefu wa msukumo kwa pamoja, yaani kipeuo cha pili cha x² + y², na kuulinganisha urefu huo na 25. Eneo tulivu linakuwa duara.

La pili ni mruko mpakani. Msukumo ukifika 26 na programu ikatumia 26 kama ilivyo, mshale unaanza safari tayari una kasi. Toa 25 kwanza, kisha gawanya kwa masafa yaliyobaki. Kasi ianze sifuri.

La tatu ndilo kubwa, na halionekani kwa kusoma programu harakaharaka. Ripoti inatumwa kila milisekunde 8, yaani mara 125 kwa sekunde, na `Mouse.move` hupokea namba nzima tu. Hatua ndogo kuliko zote ni 1, na hatua 1 kila ripoti ni pikseli 125 kwa sekunde. Kasi yoyote ya chini ya hapo inakatwa kuwa sifuri. Kwa shabaha ya pikseli 20, mshale ama umesimama ama unaivuka shabaha ndani ya milisekunde 160, karibu sawa na muda ambao jicho na kidole vinahitaji ili vianze tu kuitikia. Hakuna mtu atakayesimama juu yake kwa ustadi. Dawa ni kutunza mabaki:

`mabakiX += kasiX * 0.008;`
`int hatua = (int)mabakiX;`
`mabakiX -= hatua;`

Kwa njia hii pikseli 20 kwa sekunde zinawezekana: hatua moja kila milisekunde 50. Ukiona joistiki ya kujitengenezea ambayo "haina utulivu", anza kutafuta hapa kabla ya kulaumu potenshiometa.

Mkunjo wa kasi: sehemu ya msukumo (0 hadi 1) inapigwa kipeo cha pili, kisha inazidishwa kwa kasi ya juu. Nusu ya msukumo inatoa robo ya kasi, hivyo kuna nafasi pana ya mwendo wa pole. Kasi ya juu imewekwa pikseli 900 kwa sekunde. Tulijaribu 1800 na kuirudisha chini. Kwa 1800, katika milisekunde 200 ambazo jicho na mkono vinahitaji ili kuitikia, mshale unakuwa umekwenda pikseli 360, na mtumiaji anaishia kuivuka shabaha na kurudi, kuivuka na kurudi. Gharama ya 900 ni kwamba safari ya pikseli 600 haiwezi kamwe kuisha chini ya sekunde 0.67, hata mkono uwe mwepesi vipi. Namba hiyo lazima iandikwe kwenye ripoti, maana ni sakafu tuliyoiweka sisi, na kifaa hakihusiki nayo.

Angalizo kwa wanaonunua moduli hizi: baadhi hufika 1023 kabla fimbo haijafika ukingoni. Sehemu ya mwisho ya msukumo inakuwa haina kazi. Pima mwisho halisi wa kila upande na uuweke kwenye programu.

Wiki ya 3. Kipanya

Wiki fupi. DPI iliyoandikwa kwenye boksi haikuaminiwa, imepimwa. Rula imebandikwa mezani, kipanya kimesukumwa sentimita 10 kikiegemea rula, na namba za REL_X (hatua za mlalo) kutoka `evtest`, programu inayoonyesha kila ripoti ya kifaa, zimejumlishwa. Kwa DPI 1000 jumla inapaswa kuwa karibu 3937. Rudia mara kumi, nenda na kurudi. Jumla za kwenda na kurudi zisipolingana, kagua kwanza miguu ya plastiki na unywele kwenye tundu la kihisi.

Uso wa meza una neno lake. Kihisi cha mwanga hupiga picha za uso zaidi ya elfu moja kwa sekunde na kulinganisha chembechembe zake. Kioo kitupu hakina chembechembe za kulinganisha, na kitambaa cha plastiki kinachong'aa kinaweza kukirushia kihisi mwanga mwingi mno. Karatasi nyeupe ya A4 iliyobandikwa pembe zote nne inatosha.

Kisha mchapuko wa mfumo. Kwa kawaida kompyuta huongeza pikseli mkono unapokwenda kasi. Tumeuzima kwenye libinput, programu ya Linux inayoshughulikia vifaa hivi:

`xinput set-prop 12 "libinput Accel Profile Enabled" 0, 1`

Namba 12 ni ya kifaa, ipate kwa `xinput list`. Kwenye baadhi ya matoleo mapya amri inadai namba tatu, `0, 1, 0`, na ukitoa mbili inakataa. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa skrini wa Linux, amri hii haibadilishi chochote. Toka, ingia upya kwa kuchagua Xorg, mfumo wa zamani. La kukumbuka: joistiki yetu mbele ya kompyuta nayo ni kipanya, kwa hiyo mchapuko unaishika vilevile. Zima kwa vifaa vyote vitatu.

Baada ya kuzima, hatua moja ya kipanya ni pikseli moja. Pikseli 600, ambazo kwenye skrini hii ni sentimita 15, zinahitaji milimita 15 tu za mkono. Yaani mara kumi.

Wiki ya 4. Padi, na umeme wa ukutani

Padi ya sentimita 10 haiwezi kupewa uwiano wa mara kumi. Kidole ni kinene na mtetemo wake ungekuzwa nao. Ukiipa mara moja kwa moja, safari ya sentimita 15 inahitaji kuinua kidole na kuanza upya. Tumesimama kwenye mara mbili: sentimita 7.5 za kidole kwa safari ndefu kuliko zote. Kwa wenye vidole vifupi au wanaoanzia katikati ya padi, kuinua kidole bado kupo, na programu ya kupimia inahesabu kila kuinua.

Kugusa-ili-kubofya kumezimwa (`"libinput Tapping Enabled" 0`). Kidole kinapotua huweza kuusogeza mshale pikseli chache, na dereva, yaani programu inayoiendesha padi, hulazimika kungoja ione kama mguso ni bofyo au mwanzo wa kuburuta. Muda huo ungehesabiwa kama udhaifu wa padi. Kubofya ni kwa kitufe halisi cha chini, kwa mkono mwingine, kama kwenye joistiki. Kipanya pekee ndicho kinachobofywa kwa mkono uleule unaokisogeza. Tofauti hii imebaki na imeandikwa.

Tatizo lililokula siku mbili: mshale wa padi ukiruka-ruka chaja ikiwa imechomekwa, na kutulia chaja ikichomolewa. Padi hupima chaji ndogo sana kati ya kidole na gridi ya nyaya zilizo chini yake. Chaja isiyofika ardhini huiacha kompyuta nzima ikielea kwenye volti inayotetemeka, na mwili wa mtu ndio unaokuwa ardhi. Soketi zetu ni za matundu matatu, lakini adapta nyingi za pini mbili hazigusi tundu la athi (la ardhi), na hata plagi ya pini tatu haisaidii ikiwa waya wa athi haukuvutwa mpaka kwenye soketi. Jaribio la haraka: endesha kwa betri. Mruko ukiisha, padi ni nzima. Majaribio yote sasa yanafanywa kwa betri, kwa vifaa vyote vitatu, chaji isishuke chini ya asilimia 40 ili mfumo usipunguze kasi ya kompyuta.

Jasho ni tatizo la pili, hasa kwenye unyevu wa Pwani. Utando wa maji juu ya padi hupanua alama ya kidole na kitovu chake huhama. Kitambaa kikavu kando ya meza, futa kidole na padi kila baada ya duru. Usitumie feni inayopuliza moja kwa moja mezani, inapeperusha karatasi ya kipanya.

Wiki ya 5. Programu ya kupimia

Tumefuata mpangilio wa ISO 9241-411: shabaha zimepangwa kwenye duara, na mtu anabofya akivuka duara kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Shabaha ni 13. Mfuatano ni 0, 7, 1, 8, 2, 9 na kuendelea, kila mara ukiongeza 7 na kurudi mwanzo ukipita 12.

Kosa dogo la jometri: kwa shabaha 13, shabaha ya mbele haiko upande wa pili kabisa. Umbali wa kweli ni kipenyo mara 0.9927. Ukichora duara la 600 unapata safari za 595.6. Tumekuza duara kuwa 604.4 ili safari iwe 600 kamili. Likijumlishwa na shabaha ya 80 linakuwa 684, linaingia kwenye pikseli 768 ikiwa dirisha limejaza skrini yote.

Umbali D ni 150, 300 na 600. Upana W ni 20, 40 na 80. Ugumu wa kila safari kwa sheria ya Fitts, inayohusisha muda wa kufika na umbali na upana wa shabaha, ni logi ya msingi wa 2 ya (D/W + 1), kwa biti. Michanganyiko tisa inatoa ngazi tano: 1.52, 2.25, 3.09, 4.00 na 4.95.

Namba hizi zimechaguliwa kwa makusudi. Ngazi ya 3.09 inatokea mara tatu: 150 kwa 20, 300 kwa 40, 600 kwa 80. Kwa sheria, safari hizo tatu zina ugumu mmoja na zinapaswa kuchukua muda unaokaribiana. Kifaa kinachoonyesha tofauti kubwa hapo kinatuambia kinaumia wapi: kwenye udogo wa shabaha au kwenye urefu wa njia. Hakuna ngazi nyingine yenye faida kama hii, na jaribio la umbali mmoja tu lingeikosa.

Kila duru ni safari 13 × 9 = 117. Duru tano kwa kifaa ni 585. Vifaa vitatu, 1755 kwa mtu mmoja. Mpangilio wa vifaa vitatu una njia 6, hivyo idadi ya watu iwe 6, 12 au 18. Ikiwa 10, kifaa kimoja kitapata nafasi ya mwisho mara nyingi kuliko vingine, na nafasi ya mwisho ina uchovu ndani yake.

Wiki ya 6. Hesabu, na jinsi ya kuikagua

Muda peke yake unadanganya, kwa sababu mtu anaweza kuwa na haraka na kukosea, mwingine akawa mpole na sahihi. Kwa hiyo upana wa shabaha unabadilishwa na upana halisi ambao mibofyo ilitawanyika: mkengeuko sanifu mara 4.133. Mtawanyiko unapimwa kwenye mstari wa safari tu, hivyo kila bofyo linaangushwa kwanza kwenye mstari unaounganisha shabaha mbili. Ukipima kwa X ya skrini utapata upuuzi kwa safari za wima.

Programu imekaguliwa kwa data ya kutunga kabla ya kuona ya kweli. D 300, mkengeuko 8, muda sekunde 0.85: upana halisi 33.1, ugumu 3.33, matokeo (ugumu ukigawanywa kwa muda) biti 3.92 kwa sekunde. D 300, mkengeuko 12, muda 1.4: upana 49.6, ugumu 2.82, matokeo 2.01. Zikitoka tofauti, kagua kwanza logi: lugha nyingi za programu hutoa logi asilia usipotaja msingi.

Kigezo cha nje: mapitio ya Soukoreff na MacKenzie ya mwaka 2004 yanaweka kipanya kati ya biti 3.7 na 4.9 kwa sekunde, padi kati ya 0.99 na 2.9, na joistiki isiyopinda kati ya 1.6 na 2.55. Joistiki hiyo ya mwisho hupima nguvu ya kidole bila kusogea, kama kile kifundo chekundu cha katikati ya kibodi za ThinkPad, na yetu inapinda. Kwa hiyo safu yake ni jirani tu, haifai kuwa kipimo cha kukubali au kukataa. Card, English na Burr wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC nao, mwaka 1978, walipata wastani wa sekunde 1.29 kufika kwa kipanya na 1.57 kwa joistiki ya aina hiyo, makosa yakiwa asilimia 5 na 11. Kipanya chetu kikitoka na 2, hatutasema tumegundua jambo. Tutarudi kutafuta waya.

Wiki ya 7. Majaribio ya awali

Haya ni ya kukagua mfumo, hayatahesabiwa kwenye matokeo.

Zile safari tatu za 3.09 zimeanza kuzungumza. Kipanya hakionyeshi tofauti ya kuonekana kwa jicho kati yake. Padi inachelewa kwenye 600 kwa 80, na rekodi ya kuinua kidole inaeleza kwa nini: ucheleweshaji upo karibu wote kwenye safari zenye kuinua. Joistiki inaumia ncha zote mbili. Kwenye 600 inagonga ile sakafu ya sekunde 0.67, na kwenye shabaha za 20 watu wanaachia fimbo mapema, mshale unasimama kando, wanaigusa tena kidogo, unapita. Wastani mmoja wa biti kwa sekunde ungeyafunika haya yote.

Duru ya kwanza ya joistiki imeondolewa kwenye hesabu kwa kila mtu, na mazoezi yameongezwa kuwa duru mbili. Mkono uliozoea mahali unahitaji muda kuizoea kasi. Kwa usawa, duru mbili za mazoezi zimewekwa kwa vifaa vyote.

Jambo moja halikuwa kwenye mpango na limeingizwa: nafasi ya meza. Joistiki inafanya kazi ikiwa imefungwa kwenye mkono wa kiti, kifundo cha mkono kisisogee kabisa. Kwa mtu ambaye bega au kiwiko hakimruhusu kusukuma kipanya, ulinganisho wa kasi tulioandika hapo juu haumhusu. Swali lake ni kama anafika au hafiki. Tunaongeza sehemu ya pili ya jaribio kwa ajili hiyo, joistiki ikiwa na kasi ya juu ya 400 badala ya 900, eneo tulivu la vizio 60, na bofyo kwa kusimama juu ya shabaha sekunde 0.8 bila kubonyeza chochote.

Kazi zilizobaki kabla ya wiki ya 8: kulehemu nyaya za A0 na A1, maana jampa zimelegea mara mbili na kipimo kikaruka hadi 1023, kuandika kitovu cha joistiki mwanzoni na mwishoni mwa kila kikao ili kuona kama kinahama, na kutafuta kiti chenye mkono wa chuma cha kufungia moduli.